Omena, dakika 10 na ukuta wa kanisa: uchambuzi wa wasilisho moja la Kisumu

Kikundi cha kina mama wanaokausha na kuuza omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, katika ufuo mmoja upande wa Seme, Kaunti ya Kisumu, kilialikwa kujieleza kwa dakika 10 mbele ya jopo la shirika linalofadhili biashara ndogo za wanawake. Walikuwa na maombi mawili: vichanja vya kuanikia omena, na banda la kuikaushia siku za mvua. Kazi yangu ni kufundisha vikundi kuandaa mawasilisho, nao waliniita wiki chache kabla ya siku yenyewe. Wamekubali kisa chao kiandikwe mradi majina ya watu, ya ufuo na ya shirika yaachwe. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu shida iliyowapata ni ya vikundi vingi, na ushauri ambao vikundi hivyo hupewa, wa kupunguza maneno kwenye slaidi, haufiki kwenye mzizi wake.

Biashara yenyewe ni hivi. Omena huvuliwa usiku kwa taa na kufikishwa ufuoni alfajiri. Lazima ianikwe asubuhi hiyo hiyo. Wengi huimwaga juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, ikakauka upande mmoja, ikashika mchanga, na mvua ya alasiri ikija ghafla inaloa na kuanza kunuka. Omena safi hununuliwa na wachuuzi kwa gorogoro, kopo la kupimia, ili iliwe na watu. Iliyoharibika huenda kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei ya kukatisha tamaa. Ni mama yule yule na jasho lile lile. Kinachobadilisha bei ni mahali samaki walipoanikwa. Wakiinuliwa juu ya kichanja cha waya, usawa wa kiuno, hewa hupita juu na chini, mchanga haufiki, na wingu likitanda kuna nafasi ya kuwafunika kwa turubai.

Mama yeyote wa ufuo ule angekueleza hayo akiendelea kugeuza samaki wake. Wasilisho lao la kwanza lilichukua karibu nusu saa na halikuyasema.

Jaribio la kanisani

Jaribio lilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, projekta ikimulika ukutani. Walikuwapo wanachama, mwalimu mmoja mstaafu, na afisa wa ugani wa uvuvi anayewatembelea mara kwa mara. Slaidi zilikuwa zimeandaliwa na katibu, kijana wa mmoja wa wanachama, mwenye diploma na mwenye bidii ambayo kila mtu pale anaisifu. Zilizidi 30. Ya kwanza ilikuwa na nembo nne. Zilizofuata zilikuwa na vichwa vya neno moja moja: utangulizi, historia, dira, dhamira, malengo, muundo wa uongozi, mafanikio, changamoto. Chini ya kila kichwa, mistari saba au minane ya Kiingereza, herufi za manjano juu ya buluu inayofifia kuelekea nyeupe, hata nusu ya kila mstari ikapotelea kwenye mwanga.

Katibu alisoma kila mstari kwa Kiingereza akiutazama ukuta, kisha akaufafanua kwa Kiswahili. Mwenyekiti, ambaye wenzake humwita Nyar Alego, aliinuka mara mbili kuongeza jambo kwa Dholuo, na mara zote mbili wanawake waliinua vichwa na kucheka au kuitikia. Alipoketi, vichwa viliinama tena.

Mwishoni afisa wa uvuvi aliuliza kwa upole, "Samahani, mnaomba nini hasa?"

Ukumbi ulinyamaza. Ombi lilikuwapo: slaidi ya 27, mstari wa sita wa jedwali la bajeti, kati ya nauli na vifaa vya ofisi. Afisa huyu anaujua ufuo ule, anawajua wanawake wale, amewahi kuishika omena yao mkononi. Kama yeye hakulisikia ombi, mgeni wa jopo kutoka Nairobi angelisikia wapi?

Kwa nini slaidi zilijaa

Kijana alikuwa makini kupita kiasi. Barua ya mwaliko ilidai mambo mawili: faili ya slaidi itumwe wiki moja kabla ili wajumbe waisome, na faili hiyo ifuate vichwa vilivyoorodheshwa kwenye kiambatisho. Katibu alitii yote mawili. Nilipoanza kusema maneno ni mengi, aliniuliza swali ambalo ndilo lililoamua kazi yote iliyofuata.

"Nikiyapunguza, hao watakaoisoma kabla hatujafika wataelewaje?"

Hapo ndipo ushauri wa kawaida unapokwama. Tunawaambia vijana: mistari sita, maneno sita kila mstari. Guy Kawasaki, mwandishi wa biashara wa Marekani, ana kanuni yake maarufu ya slaidi 10, dakika 20 na herufi za pointi 30. Kanuni kama hizi hukata majani na kuacha mizizi. Katibu akizifuata, atapata slaidi fupi zisizoeleweka na anayezisoma peke yake, na ambazo bado hazimwambii anayesikiliza kinachoombwa. Faili yake ilijaa kwa sababu ilipewa kazi mbili: kuwa hati ya kusomwa ofisini bila msemaji, na kuwa picha ya kutazamwa ukumbini msemaji akiwapo. Njia mbili zilimshinda fisi. Hati inahitaji maelezo kamili, tarakimu zote, masharti na tahadhari. Picha ya ukutani inahitaji kitu kimoja ambacho jicho litakiona upesi na kurudi kwa msemaji. Ukivichanganya, msomaji anapata hati iliyokatwakatwa na msikilizaji anapata ukuta wa maneno.

Si vikundi vya ufuoni tu vinavyonaswa hapa. Januari 2003 chombo cha anga cha Columbia kiliporushwa kutoka Marekani, kipande cha povu gumu kilichomoka kwenye tangi la mafuta na kuupiga ukingo wa bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi wa Boeing walitathmini hatari na kuwasilisha matokeo kwa viongozi wa NASA, shirika la anga la Marekani, kwa slaidi. Slaidi moja ikaja kuwa maarufu kwa huzuni. Kichwa chake kilitoa picha ya hali yenye nafasi ya usalama. Mistari ilipangwa ndani ya mistari mingine, ngazi juu ya ngazi, herufi zikizidi kuwa ndogo. Mstari wa chini kabisa ndio uliobeba jambo zito: povu lililolipiga bawa lilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, ilhali data za majaribio waliyotegemea zilitokana na kipande cha inchi za ujazo 3. Yaani walikuwa wakikisia athari za kitu kikubwa zaidi ya mara 600 kuliko kilichowahi kupimwa. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika kikirudi duniani na wanaanga wote saba wakafa. Ripoti ya bodi ya uchunguzi, iliyotoka Agosti 2003, ilitumia uchambuzi wa Edward Tufte, mtaalamu wa kuonyesha data, kuhusu slaidi hiyo, na ikaona ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi mkuu angeisoma asitambue kwamba inazungumzia hatari ya kifo. Bodi ilitaja sababu nyingi za ajali, na sidai slaidi ndiyo iliyoua. Lakini iliandika wazi kwamba NASA ilizoea kutumia slaidi mahali pa ripoti za kiufundi. Faili moja, kazi mbili, na jambo kuu likawekwa mstari wa mwisho kwa herufi ndogo.

Nilimsimulia katibu kisa hicho tukiwa bado kanisani. Aliifungua slaidi yake ya 27 akaitazama kwa muda mrefu.

Kuna pia suala la masikio na macho. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kwa miongo kadhaa amelinganisha wanafunzi wanaotazama picha huku wakisikia maelezo na wale wanaotazama picha ile ile, wakisikia maelezo yale yale, na pia kuyaona yameandikwa yote kwenye skrini. Kundi la kwanza huelewa vizuri zaidi. Maneno ya kusoma na maneno ya kusikia hugombania akili ile ile. Ziko hali za pekee, mojawapo ikiwa pale msikilizaji anapopokea maelezo kwa lugha isiyo yake ya kwanza, ambapo maneno machache muhimu yaliyoandikwa humsaidia. Kwetu jambo hili lina uzito. Jaribio la kanisani lilimtaka msikilizaji asome Kiingereza, asikie Kiswahili, na afikiri kwa Dholuo. Mzigo huo hata mwenye digrii utamlemea.

Sentensi ya Nyar Alego

Tulikutana tena bila projekta na bila kipakatalishi. Nilimwomba katibu aje na karatasi tupu, na mhazini aje na chochote alichoandika kuhusu mauzo. Nikamuuliza mwenyekiti:

"Mama, jopo likishawasikia na kwenda kunywa chai, ungetaka mjumbe mmoja amwambie mwenzake nini juu yenu?"

Hakusita. "Aseme hawa kina mama wana omena nzuri, ni mvua inayowaibia. Wakiinua samaki kutoka chini watauzia watu, hawatauzia kuku."

Katibu aliiandika juu ya karatasi. Kisha tukazipitia slaidi zote za zamani tukiuliza swali moja: hii inamsaidia mgeni kuiamini sentensi ya Mama? Dira na dhamira hazikusaidia. Muundo wa uongozi haukusaidia. Historia ya usajili haikusaidia, ingawa jopo lina haki ya kuijua. Hakuna kilichotupwa. Kila kisichojibu swali kilihamia kwenye rundo la pili, rundo la hati.

Kilichonishangaza ni kilichokosekana. Mhazini alitoa kwenye mkoba daftari la shule, lile la kurasa za mistari, ambamo kila siku ya soko huandika magorogoro yaliyouzwa kwa wachuuzi wa chakula na yaliyochukuliwa na watu wa chakula cha kuku. Ameliandika kwa uaminifu mwaka mzima na zaidi. Ushahidi mkubwa kuliko wote waliokuwa nao haukuwa umegusa slaidi hata moja, kwa kuwa kiambatisho cha barua hakikuwa na kichwa kinachouita. Katika kazi hii nimeona mara nyingi ushahidi bora wa kikundi ukikaa kwenye mkoba wa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza. Ukisaidia kikundi, muulize mhazini kabla ya kufungua programu yoyote.

Rundo la hati likawa kurasa mbili, nathari ya kawaida yenye aya kamili, jedwali moja la bajeti, na kiambatisho cha usajili. Ombi lilikuwa kwenye aya ya kwanza. Tulimwandikia mratibu wa shirika kumweleza kwamba hati ndiyo ya kusoma kabla, na slaidi zitakuja na wasemaji. Alijibu siku iliyofuata kwamba hana kipingamizi, na kwamba wajumbe wangefurahi. Vikundi huogopa kuuliza. Sharti nyingi zinazotutisha ziliandikwa na mtu ambaye angekubali pendekezo bora kama angelipata. Hata kampuni kubwa zimefika hapo kwa njia yake: mwaka 2004 Jeff Bezos aliwakataza viongozi wakuu wa Amazon kutumia slaidi mikutanoni, wakaanza kuandika hati na kuzisoma kimya mwanzoni mwa kikao.

Slaidi saba

Zilibaki saba. Kila moja ilipewa kichwa chenye sentensi kamili, mtindo ambao Michael Alley wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State ameutetea kwa miaka mingi: kichwa kinadai, na chini yake picha au grafu inathibitisha. Mahali palipokuwa na "Changamoto" pakaandikwa "Mvua ikinyesha, omena yetu huenda kwa kuku". Mahali pa "Mafanikio" pakaandikwa "Kichanja kimoja tulichojitengenezea kimeokoa samaki wetu". Zaidi ya kichwa na majina ya vitu kwenye picha, hapakuwa na maneno mengine. Vichwa viliandikwa kwa Kiswahili.

Tulikaa sana kwenye grafu, na nafikiri ilistahili. Katibu alikuwa ameizoea duara iliyokatwa vipande, ile yenye kivuli inayoonekana kama imelazwa. Duara hiyo inaonyesha sehemu za kitu kizima kwa wakati mmoja, na kwa kuilaza inafanya vipande vya mbele vionekane vikubwa kuliko vilivyo. Hadithi ya daftari ilikuwa ya miezi, kwa hiyo ilihitaji mistari miwili inayotembea kutoka kushoto kwenda kulia: omena ya watu na omena ya kuku. Mwanzoni programu iliweka kisanduku cha maelezo ya rangi pembeni, jicho likawa linakwenda na kurudi. Tulikiondoa tukaandika "watu" na "kuku" kwenye ncha za mistari yenyewe. Rangi zikawa buluu nzito na chungwa, kwa kuwa wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Kisha mhazini akaona kitu ambacho katibu na mimi tulikipita. Mistari yote miwili iliporomoka hadi sifuri kuanzia Aprili, ikakaa huko kwa miezi. Kila mtu wa ziwani anajua sababu: uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Mgeni angeona biashara iliyokufa. Tulikata mistari pale, tukatia kivuli chepesi kwenye miezi hiyo na maneno mawili: "uvuvi umefungwa". Baada ya hapo jicho lilikwenda lenyewe kwenye mvua za Oktoba hadi Desemba, ambako mstari wa kuku unapanda na wa watu unashuka hadi inapishana. Katibu aliweka kishale kimoja kwenye makutano hayo. Grafu hiyo ndiyo iliyokuja kulibeba wasilisho lote.

Picha zilipigwa kwa simu. Za kwanza zilifika kwa katibu kupitia WhatsApp zikiwa zimepungua ubora, kwa sababu programu hiyo hubana picha za kawaida. Zilipotumwa upya kama hati zilifika nzima. Katibu alipendekeza picha ya bibi mmoja mwanachama, kanga imechanika, ameinamia samaki walioloa. Ni picha inayogusa moyo. Nyar Alego aliikataa. "Mwanangu, hatuendi kuomba unga. Tunaenda kuonyesha biashara." Ilichukuliwa ya mikono miwili, mmoja umeshika omena ya kichanja, mwingine ya mchangani, na mwenye mikono aliombwa ruhusa. Uamuzi ule ulikuwa wa heshima, na pia ulikuwa wa ubunifu bora: bibi aliyeinama angemfanya mjumbe aone umaskini, ambao haukuwa hoja.

Herufi tulizipima kwa kutembea. Projekta ikawashwa kanisani, na mwanachama mwenye macho hafifu akaketi benchi la nyuma kabisa. Kisichosomeka kutoka pale kilikuzwa au kuondolewa. Mandharinyuma ikawa nyeupe na herufi nyeusi, kwa sababu ukumbi wa mchana huwa na mwanga, na projekta haiwezi kutoa weusi. Inaweza tu kuacha kumulika. Nembo zote zilihamia kwenye hati.

Nani asimame

Katibu alidhani ni yeye, kwa sababu ya Kiingereza. Mimi niliona ni Nyar Alego, kwa sababu vichwa viliinuka aliposimama. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inavitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Kenya, na mratibu alithibitisha kwamba jopo litamsikiliza kwa lugha yoyote kati ya hizo. Hati ilikwenda kwa Kiingereza, sauti ikawa ya Kiswahili. Katibu alibaki kwenye kipakatalishi, naye angejibu maswali ya bajeti.

Mama hakukariri. Alijifunza mpangilio wa picha saba na sentensi ya kila picha. Yaliyobaki yalikuwa maisha yake. Mazoezi yalifanyika kwa kusimama na kwa sauti kamili, saa ikiwa mezani, tukilenga dakika nane, kwa kuwa ukumbini daima kuna kitu kinachokula muda. Ugumu wake ulikuwa mmoja: alipofika kwenye grafu alikimbia, kama watu wengi wanavyofanya wanapoona tarakimu. Tulikubaliana mpangilio. Kwanza aseme mstari wa chini ni miezi. Kisha aseme mistari miwili ni nini. Kisha anyamaze, ahesabu moja hadi tatu moyoni, ndipo aguse makutano na kusema, "Hapa ndipo mvua inapotuibia." Kunyamaza kulimsumbua kuliko kusema. Wenzake walimhesabia kwa vidole hadi akazoea.

Tulimfundisha katibu kubonyeza herufi B kwenye PowerPoint, ambayo huifanya skrini iwe nyeusi wakati wa kuonyesha, ili macho yarudi kwa Mama asemapo kisa cha kichanja. Faili ilihifadhiwa pia kama PDF, kwa sababu kompyuta ya ukumbini isipokuwa na fonti yako hupanga maneno upya inavyotaka. Walibeba waya wa kuunganisha wa aina zote mbili, VGA na HDMI, na grafu iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa endapo stima ingepotea. Omena yenyewe ilikuwa wazo la mhazini: mifuko miwili ya karatasi, mmoja wa kichanja na mmoja wa mchangani. Katibu aliona si adabu kupeleka samaki hotelini. Wanawake walimshinda kwa kura.

Siku yenyewe

Nafasi yao iliangukia saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa hoteli mjini wenye madirisha yanayotazama ziwa, yaani magharibi, na mapazia mepesi. Projekta ilikuwa ya zamani. Picha ya mikono, ambayo kanisani ilikuwa nzuri, pale ilionekana kama vivuli viwili vya kijivu. Mama aliitazama, akafungua mifuko, akaiweka mezani mbele ya wajumbe. "Hii ni ya mchangani. Hii ni ya kichanja. Nuseni." Walinusa. Mmoja alisaga chache kati ya meno akasikia mchanga. Picha ilikuwa imeshindwa kwa sababu ya jua, na kitu chenyewe kikachukua mahali pake. Tangu siku ile huwauliza wote ninaowasaidia kama kile wanachotaka kukipiga picha hakiwezi kuja chenyewe.

Grafu, yenye rangi nzito juu ya nyeupe, ilionekana. Alinyamaza pale alipotakiwa kunyamaza, na mjumbe mmoja akaligusa jambo kabla yake: "Oktoba mnapoteza." Mama akajibu, "Ndiyo, mheshimiwa, hapo ndipo mvua inapotuibia." Alimaliza ndani ya muda. Maswali yaliyofuata yalikuwa ya watu walioelewa: nani ataimiliki ardhi ya ufuo vichanja vitakapojengwa, je, BMU, yaani kamati ya kusimamia ufuo, imekubali, waya utadumu miaka mingapi, mwanachama akiondoka kichanja chake kinakuwa cha nani. Jibu la ardhi na BMU lilikuwa kwenye hati, na wajumbe wawili walikuwa wameipigia mistari.

Shirika lilikubali vichanja. Banda lilikataliwa.

Slaidi ya banda ilikuwa ya sita, na kwa sura ilikuwa safi kama nyingine: kichwa chenye sentensi, mchoro wa banda lenye paa la plastiki angavu, hakuna neno la ziada. Lakini kichwa kilidai kwamba banda litakausha omena hata siku za mvua, na chini yake palikuwa na mchoro tu. Kwa kichanja walikuwa na daftari, walikuwa na kichanja kimoja cha mbao walichojitengenezea, walikuwa na mfuko wa samaki. Kwa banda hawakuwa wamejaribu chochote. Mjumbe aliuliza joto ndani ya banda hufika kiasi gani na unyevu hutokaje, na Mama, ambaye alijibu kila kitu kingine papo hapo, alisema kwa ukweli kwamba hawajui. Kama slaidi ile ingekuwa na mistari minane ya zamani, pengo hilo lingefichika katikati ya maneno, kwao na kwa jopo. Muundo wa dai na ushahidi uliwaanika. Katibu aliniambia jioni hiyo kwamba angeliona pengo hilo mapema kama angejiuliza juu ya slaidi ya sita swali lile tulilouliza juu ya zote za zamani, na nakubaliana naye kabisa.

Sasa wamesimamisha hema dogo la plastiki juu ya kichanja kimoja, nguzo za mianzi, pande mbili zikiwa wazi. Mhazini ameongeza safu mbili kwenye daftari: saa omena ilipoingia na saa ilipokauka, kwa kichanja chenye hema na kwa cha jirani kisicho nalo. Afisa wa ugani amewaazima kipimajoto. Mvua za Oktoba zikipita watakuwa na msimu mmoja wa tarakimu, na katibu ameshaanza hati ya kurasa mbili yenye nafasi tupu mahali grafu itakapokaa.